Mbwa wa Nyumbani na Dawa Zake

Maneno yetu ya leo ni juu ya mnyama asifiwaye kwa nadra na kutukanwa mara nyingi, naye ni mbwa. Katika nchi ya Ugogo mbwa ni askari asiye na mshahara. Usiku hulinda zizi, mchana hufuatana na watoto machungani, na fisi akinusa karibu na boma, yeye ndiye wa kwanza kutoa habari. Paka naye ana kazi yake, maana kama si yeye panya wangekula mtama wetu ghalani kabla ya sisi wenyewe.

Lakini mnyama huyo akiugua, kila jirani huwa tabibu. Tuseme mtu wa Chang'ombe, hapo Dodoma, ana mbwa aliyenyonyoka manyoya na kujikuna usiku kucha. Jirani wa kwanza atasema, "Mpake oili chafu ya motokaa." Wa pili atasema, "Chemsha majani ya mwarobaini umwogeshe." Wa tatu, aliyesoma habari za nchi za mbali, atasema kuwa viko vidonge vidogo vitamu viitwavyo homeopathi, ambavyo ati huponya kila kitu wala havina sumu. Wa nne atasema, "Mwite bwana mifugo."

Je, tumfuate nani? Swali hili si dogo. Miongoni mwa maradhi ya mbwa yako yatakayopona hata tusipofanya neno lolote. Yako ambayo majani ya mti yatayasaidia. Na uko ugonjwa mmoja ambao tukiukosea, hufa mbwa, na pengine mtoto wa nyumba hufa pia. Basi yatupasa kupambanua.

MAMBO MATATU YASICHANGANYWE

Watu hupenda kuyaita mambo mengi kwa jina moja, "tiba ya asili", kana kwamba yote ni kitu kimoja. Kwa kweli ni mambo matatu mbalimbali. La kwanza ni kumtazama mnyama mzima, yaani chakula chake, maji yake, malazi yake na kazi yake, wala si kidonda chake tu. La pili ni dawa za miti shamba. La tatu ni homeopathi. Kila moja lina sababu zake, na kila moja lapaswa kupimwa peke yake. Mtu asemaye, "Nayakubali yote," hukosea sawasawa na yule asemaye, "Nayakataa yote."

KUMTAZAMA MNYAMA MZIMA

Tabibu mwema wa wanyama akiletewa mbwa mgonjwa, kwanza huuliza maswali. Mbwa huyu hula nini? Hunywa maji gani? Hulala wapi? Hufungwa mnyororo kwa muda gani? Maswali hayo si ya kupoteza wakati, kwa kuwa mara nyingi ugonjwa hutoka humo.

Fikiri habari ya maji. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, tangu Desemba hata Aprili, na baada yake ni kiangazi kirefu. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Hujipoza kwa kuhema huku ulimi uko nje, na kwa kuhema huko maji humpotea. Mbwa aliyefungwa juani hana njia ya kujitafutia maji wala kivuli. Basi chungu cha maji safi penye kivuli ni dawa ya kwanza, nayo haiuzwi dukani.

Fikiri tena habari ya chakula. Ugali wa mtama au uwele humjaza tumbo mbwa, lakini peke yake haumtoshi. Aongezewe dagaa, au maharage yaliyoiva vizuri, au mabaki ya nyama iliyopikwa. Vitunguu asipewe, kwa sababu huharibu damu ya mbwa na ya paka. Wala asipewe mifupa ya kuku iliyopikwa, maana hupasuka vipande vikali vinavyoweza kumchoma matumboni.

Na siku ya kuchinja mbuzi au ng'ombe, yatazame mapafu na ini. Ukiona humo vifuko vyenye maji, usimtupie mbwa hata kidogo. Ndani ya vifuko hivyo wamo watoto wa tegu. Mbwa akivila, tegu hukua katika matumbo yake, na mayai yao hutoka pamoja na kinyesi. Mtoto akimshika mbwa huyo, kisha akala bila kunawa mikono, aweza kuyameza mayai hayo na kuota uvimbe wa maji katika ini au mapafu yake mwenyewe. Maradhi haya yanajulikana sana kwa wafugaji wa Turkana katika Kenya, na kwa wafugaji wa kaskazini ya Tanzania. Vifuko hivyo vichomwe moto, au vifukiwe katika shimo refu.

Katika jambo hili la kwanza hakuna ugomvi baina ya wazee na wataalamu. Hata Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania, ya mwaka 2008, yataka mwenye mnyama amtunze vema wala asimtese. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Mtazame mnyama mzima," mwitikie. Amesema kweli.

DAWA ZA MITI SHAMBA

Wafugaji wa nchi hizi wametumia miti kutibu mifugo tangu zamani, na kazi yao si ya kudharauliwa. Tuchukue mifano mitatu.

Mwarobaini asili yake ni upande wa Bara Hindi, lakini siku hizi hustawi sana katika miji na vijiji vya nchi kavu kama Dodoma. Jina lake latokana na imani ya watu kuwa hutibu maradhi arobaini. Arobaini ni mengi mno. Lakini ni kweli kwamba katika mbegu na majani yake imo dawa inayofukuza wadudu na kuzuia ukuaji wao. Kwa hiyo maji ya mwarobaini yaweza kumsaidia mbwa mwenye viroboto.

Utupa ni mmea ambao wavuvi huutumia kulewesha samaki, na wafugaji wengine huponda majani yake na kumpaka mnyama ili kupe wafe. Nguvu yake imechunguzwa, na sumu iliyomo ndani yake inajulikana. Lakini sumu hiyo ni ileile inayoua samaki. Anayemwosha mbwa kwa utupa kando ya lambo aweza kuua viumbe vyote vya majini.

Mshubiri una maji mazito ya ndani ambayo watu hupaka juu ya kidonda na juu ya ngozi iliyoungua. Lakini chini ya ganda lake mna utomvu wa manjano, na mbwa akiulamba, huendesha vibaya. Kwa kidonda kidogo ni afadhali kuanza na maji yaliyochemshwa na kupoa, nusu lita, pamoja na kijiko kidogo kimoja cha chumvi. Kioshe mpaka uchafu wote utoke.

Katika mifano hiyo mitatu twaona kanuni moja. Mti huponya kwa sababu kitu fulani kimo ndani yake, na kitu chenye nguvu ya kuponya kina nguvu ya kudhuru pia. Ndiyo maana dawa ya mti yataka kipimo, kama vile dawa ya dukani. Mtu asemaye, "Huu ni mti tu, hauna madhara," hajaujua mti. Tumbaku nayo ni mti. Lakini maji ya tumbaku yakipakwa kwa wingi juu ya mbwa mdogo yaweza kumwua.

Ama oili chafu ya motokaa, hiyo si mti wala si dawa. Mbwa hujilamba, na anachokilamba hukimeza, na uchafu wa injini ni sumu. Upele wa mbwa huletwa na wadudu wadogo mno wasioonekana kwa macho, na bwana mifugo anayo dawa yao, hupimwa kwa uzito wa mnyama. Tena mwangalifu asimtibu paka kama mbwa mdogo. Ziko dawa za viroboto zilizotengenezwa kwa mbwa ambazo humwua paka, na kidonge kimoja tu cha parasetamoli, ambacho mtu mzima humeza bila shaka, chaweza kumwua paka.

HOMEOPATHI NI NINI?

Homeopathi si dawa ya miti shamba, ingawa watu wengi hudhani hivyo. Ilianzishwa na tabibu mmoja wa Ujerumani, Samuel Hahnemann, aliyezaliwa Meissen mwaka 1755. Mwaka 1790 alijaribu kumeza magome ya mkwinini hali yeye mwenyewe hana homa, akajisikia kama mtu mwenye homa. Kwa jambo hilo akawaza kuwa dawa inayomletea mzima dalili za ugonjwa ndiyo itakayomponya mgonjwa mwenye dalili hizo. Mawazo yake aliyatangaza mwaka 1796, na mwaka 1810 akatoa kitabu chake kikubwa.

Sisi wa nchi za homa twajua kwinini. Leo sababu ya nguvu yake inajulikana: huwaua vijidudu vya malaria walio ndani ya damu. Haifanyi kazi kwa kufanana na homa.

Neno la pili la Hahnemann lilikuwa kwamba dawa ikizidi kupunguzwa kwa maji na kutikiswa, nguvu yake huzidi. Na tulifanye jambo hili kwa hesabu, ili kila mwanafunzi aweze kulipima mwenyewe. Chukua tone moja la dawa, ulitie katika matone 99 ya maji, utikise. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza. Kisha chukua tone moja la maji hayo, ulitie katika matone 99 mengine. Hiyo ni hatua ya pili, na sasa dawa ni sehemu moja katika 10,000. Ukifika hatua ya sita, ni kama tone moja la dawa katika madebe milioni mbili na nusu ya maji, kila debe la lita 20. Ukifika hatua ya kumi na mbili, ni kama chumvi kidogo tu iliyotupwa katika bahari kuu nzima. Na vidonge vingi vya homeopathi hupelekwa hata hatua ya thelathini. Humo hamna tena chembe yoyote ya dawa. Zimebaki sukari na maji.

Basi kwa nini homeopathi ilipata sifa? Tusiwacheke watu wa zamani. Siku zile matabibu wa Ulaya waliwatoa wagonjwa damu kwa wingi na kuwanywesha zebaki, na wagonjwa wengi waliuawa na tiba yenyewe. Aliyepewa maji matupu na kuachwa apumzike alikuwa na bahati njema kuliko mwenziwe. Sifa ile ikaenea mpaka kwa wanyama. Huko Leipzig tabibu wa wanyama aitwaye Wilhelm Lux alitoa kitabu mwaka 1833 kuhusu dawa za namna hiyo. Hata mate ya mbwa mwenye kichaa yalitengenezwa kuwa dawa ya homeopathi katika karne hiyo hiyo.

Tangu hapo imechunguzwa mara nyingi. Mwaka 2017 chama kikuu cha matabibu wa wanyama wa Uingereza kilitangaza kuwa homeopathi haina ushahidi unaokubalika wa kuthibitisha kazi yake, na kwamba haifai kutumiwa mahali pa tiba iliyothibitishwa. Kwa hiyo yule jirani wa tatu amesema nusu ya kweli. Vidonge vile havina sumu, kwa sababu hamna kitu ndani yake. Na kwa sababu iyo hiyo hamna dawa.

KWA NINI WATU HUSEMA, "NIMEONA IKIPONYA"?

Mtu mwaminifu aweza kusema, "Nilimpa mbwa wangu dawa hii, akapona. Nimeona kwa macho yangu." Hasemi uwongo. Lakini macho huona mambo mawili yakifuatana. Hayaoni kama la kwanza ndilo lililoleta la pili. Jogoo huwika, kisha jua huchomoza, wala hakuna asemaye kuwa jogoo ndiye aliyelivuta jua.

Maradhi mengi ya mbwa huja na kuondoka yenyewe. Mbwa mwenye tumbo la kuendesha hupona mara nyingi kwa siku tatu, akipata maji ya kutosha. Ukimpa dawa siku ya pili, siku ya tatu utaisifu dawa. Ili kujua kweli, ni lazima kuchukua wanyama wengi wenye ugonjwa mmoja, nusu wapewe dawa, nusu wasipewe, na anayewatazama asijue ni wepi waliopewa. Kisha wahesabiwe waliopona kila upande. Kipimo hiki hakimpendelei Mzungu wala Mwafrika, mti wala kidonge. Mti ukishinda katika kipimo hiki, ni dawa halisi.

UGONJWA AMBAO HAUNGOJI

Sasa tumefika kwenye neno lililotufanya tuzungumze leo, nalo ni kichaa cha mbwa.

Ugonjwa huu hukaa katika mate. Mbwa mwenye kichaa akiuma, kirusi huingia katika kidonda, hupanda polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu, hata kufika ubongo. Safari hiyo mara nyingi huchukua mwezi mmoja hata mitatu, na pengine zaidi. Dalili zikiisha kuonekana, karibu kila mgonjwa hufa, awe mtu, awe mnyama. Mwaka 2015 wataalamu walikadiria kuwa watu 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka duniani. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2002 ulikadiria kuwa katika Tanzania peke yake hufa watu karibu 1,500 kwa mwaka. Na wengi wao ni watoto, kwa kuwa watoto ndio wachezao na mbwa.

Hapa ndipo "nimeona ikiponya" huleta msiba. Si kila mbwa anayeuma ana kichaa, na hata aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa si lazima apate ugonjwa. Basi watu kadhaa wakiumwa, wakanywa mizizi, wengine watabaki wazima, na mizizi itapata sifa. Yule asiyebaki mzima hawezi kurudi kutoa ushuhuda wake.

Kinga ya ugonjwa huu ilipatikana Ufaransa. Tarehe 6 Julai 1885 Louis Pasteur alianza kumchanja mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto akaishi. Mtu aweza kuuliza, "Je, chanjo nayo si ugonjwa uleule uliopunguzwa, kama homeopathi?" Hapana. Katika sindano ya siku hizi vimo virusi vilivyouawa, vya kipimo kinachojulikana. Mwili huvitambua, huandaa askari wake, na askari hao huweza kupimwa katika damu ya mbwa. Katika kidonge cha hatua ya thelathini hamna cha kutambuliwa.

Mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita kutoka mbwa hata mbwa. Jambo hili limeonekana karibu nasi, katika kisiwa cha Pemba. Mbwa walichanjwa kisiwani tangu mwaka 2010, na mwaka 2014 kichaa kikatoweka. Mwaka 2016 kikarudi. Mbwa wakachanjwa tena, na mwaka 2018 kikakomeshwa mara ya pili. Pemba imetufundisha mawili: kwamba ugonjwa huu waweza kuondolewa, na kwamba ukilegeza mkono hurudi.

Wala tusidhani kuwa elimu hii yadharau vitu vya kienyeji. Vijiji vingi havina umeme wa kuwekea chanjo baridi. Kwa hiyo wataalamu walioko Tanzania walipima chanjo moja ya kichaa iliyokaa nje ya friji, miezi 6 katika joto la digrii 25, au miezi 3 katika digrii 30, wakaona nguvu yake haikupungua. Kisha wakajaribu vyombo vya udongo vinavyopozwa na maji, kama vile mtungi unavyopoza maji ya kunywa. Hivyo ufundi wa mfinyanzi umekuwa msaidizi wa sindano.

LA KUFANYA

Mbwa mwenye kichaa pengine hawi mkali. Pengine hunyamaza, hujificha, taya lake hulegea, mate humtiririka, na sauti hubadilika. Mwenye mbwa hudhani mfupa umemkwama kooni, akatia mkono kinywani ili autoe, au akampanua mdomo amnyweshe dawa. Usifanye hivyo kamwe. Mfungie mbali na watu, ukamwite bwana mifugo.

Mtu akiumwa, au akilambwa penye jeraha, aoshe kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15. Asipake majivu, wala mafuta, wala majani. Kisha aende hospitali siku ile ile kuchomwa sindano, hata kama jeraha ni dogo. Ikiwa mbwa anajulikana, naye yu hai, afungwe na kutazamwa siku 10. Lakini aliyeumwa asingoje siku hizo ndipo aende.

Mbwa wako umchanje kila mwaka. Mahali pengi chanjo hutolewa karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, ambayo ndiyo tarehe aliyokufa Pasteur mwaka 1895. Bwana mifugo wa kata atakuambia siku na mahali. Wapeleke na watoto wa mbwa. Usiwafiche nyumbani kwa kudhani ni wadogo mno.

Tuwajibu basi wale majirani wanne. Oili chafu tuikatae. Mwarobaini tuupokee kwa viroboto, na kwa kipimo. Vidonge vitamu visituzuie hata siku moja kutafuta dawa ya kweli. Na bwana mifugo tumwite mapema, tusingoje mpaka mbwa ameshindwa kuinuka.

Ikiwa yuko mbwa uani kwenu, na humjui alichanjwa mwaka gani, waulize watu wa nyumbani leo hii. Na wasipojua, mhesabu kuwa hajachanjwa.

Kwaherini.